Je, wajua kwa nini chokaa huchemsha maji bila moto?

Ukipita Mji Mkongwe ukamkuta fundi akimwagia maji mawe ya chokaa yaliyotoka tanurini, simama utazame, lakini kwa mbali, maana tone likirukia jicho huweza kulipofua. Mwanzo jiwe hunywa maji kimya. Mara huanza kulia, linapasuka, mvuke unapanda, na maji yanatokota. Hapana hata kijinga cha moto. Joto hilo latoka wapi?

Latoka kwenye magogo yaliyokwisha kuwa majivu.

Chokaa hii huanza kama jiwe la matumbawe, nalo ni kalisi kaboneti. Likichomwa hadi nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya ukaa, ikabaki kalisi oksidi. Kazi hiyo hula joto, na kiasi chake chahesabika kwa kalamu tu. Kila kitu kina enthalpi ya kuundwa, yaani joto linaloingia au kutoka kinapoundwa kutokana na elementi zake, na majedwali yake yapo. Jumlisha za vilivyopatikana, kisha toa za vilivyotumika. Kalisi oksidi ni -635.1 na hewa ya ukaa -393.5, jumla -1,028.6. Jiwe lenyewe ni -1,206.9. Tofauti ni +178.3, kilojuli (kipimo cha joto) kwa kila moli (kipimo cha wanakemia cha kiasi cha kitu). Alama ya kujumlisha maana yake joto limeingia.

Fundi anapotia maji, hesabu hiyohiyo hutoa -65.2: joto limetoka. Usilidharau. Moli moja ya kalisi oksidi ina gramu 56 tu, kwa hiyo kilo moja hutoa kilojuli 1,160 hivi, za kutosha kuchemsha karibu lita 4 za maji ya nyuzi 30.

Lakini tanuri lilikula 178.3. Zilizobaki ziko wapi? Hapa ndipo ninapoipenda hesabu hii. Chokaa ikishapakwa ukutani huivuta tena hewa ya ukaa, ikarudi kuwa kalisi kaboneti, na mmenyuko huo hutoa -113.1. Jumlisha zote tatu: sifuri kamili. Mwanakemia Germain Hess alilieleza jambo hili mwaka 1840: jumla ya joto haitegemei njia, hutegemea ulipoanzia na ulipoishia. Chokaa imeanzia jiwe, imeishia jiwe.

Joto hilo la mwisho hutoka polepole mno, hata ukiuegemea ukuta mpya usiku kucha, mgongo wako hautalihisi.