Je, wajua kwa nini vijiji vya Usambara hupenda kukaa ukingoni mwa jabali?

Ukitoka Segera kuelekea Same, Usambara Magharibi inakuandama mkono wa kulia kama ukuta. Mombo, chini, iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto, juu, ni kama mita 1,400. Tazama vizuri utaona mabati yanang'aa kwenye mdomo kabisa wa jabali. Mtae, upande wa kaskazini, umejibana juu ya mgongo mwembamba, na mbuga za Mkomazi zinaonekana chini kama ua wa nyumba. Nyuma ya wanakijiji kuna milima tele. Kwa nini wakajenga pembeni?

Tuanze na mawe. Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya kale ya Tanzania na Kenya, na tofauti na Kilimanjaro haikuzaliwa na volkano. Ni miamba ya kale sana iliyokatika kwenye nyufa kubwa za ardhi, kipande kimoja kikapanda na vya jirani vikabaki chini. Ndiyo maana pembeni kuna kuta, na ukishafika juu hukuti kilele kimoja bali vilima na mabonde yanayofuatana.

Ukuta huo unaukinga upepo wa Bahari ya Hindi. Hewa yenye unyevu inalazimika kupanda, inapoa, inaangusha mvua. Amani, Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Lushoto hupata takriban nusu yake. Na upande wa nyuma, Mkomazi, ni ukame. Joto nalo hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo mwendo wa saa chache kwa miguu unakutoa nchi moja na kukuingiza nyingine. Wasambaa wana majina ya nchi hizo mbili: juu ni Shambaai, chini ni nyika.

Hapo ndipo ukingo unapopata maana. Migomba ya Shambaai huvumilia mwaka mbaya, lakini ndizi peke yake hazitoshi. Nyika ina wanyama wa kuwinda, malisho, na ardhi inayozaa haraka mvua ikinyesha. Ina pia ukame, na mbu wengi. Anayelala juu ukingoni hulima huku na kule, na upande mmoja ukimwangusha anashika mwingine. Anayekaa katikati ya milima, nyika iko mbali naye.

Hata simulizi ya ufalme imekaa kwenye mpaka huo. Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, anasimuliwa kuwa aliua nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mashamba, akagawa nyama na kupewa vyakula vya mlimani. Alipoua simba, akafanywa mfalme. Nyama ya nyika kwa chakula cha Shambaai: siasa nzima ya Wakilindi, ukoo wake, imefungwa humo. Kutoka Vuga, mji wao mkuu huko juu, watawala walipokea kodi za pande zote, na chini ya mfalme Kimweri ye Nyumbai himaya ilifika hadi pwani.

Kimweri alifariki mwaka 1862, na mambo yakapinduka. Misafara ya pembe na watumwa ilipita chini, na bunduki zilipatikana chini. Mwanawe Semboja alijiweka Mazinde, kando ya njia ya misafara, akawa na nguvu kuliko mfalme aliyekaa Vuga. Mlima ulikuwa na heshima, nyika ikawa na baruti.

Wajerumani walipokuja walidanganywa na kijani. Walipanda kahawa Usambara Mashariki wakidhani msitu mnene ni dalili ya udongo mnono, ikadhoofika. Rutuba ya msitu ule imo kwenye tabaka jembamba la majani yaliyooza, na chini yake ni udongo mwekundu wenye asidi, uliooshwa na mvua kwa muda mrefu. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, lakini kwa mbao za Shume, juu milimani, ukuta ulibaki kikwazo, zikashushwa kwa waya hadi Mkumbara, chini.

Waingereza walianza mradi wa kuhifadhi udongo huko Mlalo mwaka 1946 na kuamuru matuta. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuonekana kuongezeka, na asiyetii aliadhibiwa. Miaka ya 1950 chuki ya matuta iliungana na siasa za TANU, na mradi ukafa.

Kilichokubalika baadaye, kuanzia miaka ya 1980, ni mistari ya majani ya Guatemala, nyasi ndefu za malisho, inayokata mteremko kwa usawa ili kuzuia udongo. Kupima mstari ni rahisi. Funga miti miwili ya mita 2 kileleni, kingamiza wa tatu ipate umbo la herufi A, ning'iniza kamba yenye jiwe. Weka alama kamba inapogusa mti wa kukingama, badilisha miguu nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Kisha tembeza fremu mlimani ukipigilia vigingi kila kamba inapotulia katikati. Siku ya upepo usijaribu.

Anayepima kwa macho huacha mbonyeo. Masika maji hukusanyika hapo, yanapasua majani na kuchimba korongo baya kuliko lililokuwapo. Kosa jingine huonekana baada ya miaka kadhaa: udongo mzuri hujikusanya chini nyuma ya majani, na mahindi ya sehemu ya juu ya kila ngazi huwa ya njano. Samadi ipelekwe huko juu kwanza.

Samadi yenyewe hutoka kwa ng'ombe wa zizini, naye hula hayo majani ya Guatemala. Mistari iliyodumu, mara nyingi, ni ya wale wenye ng'ombe.