Kabla ya kununua kochi jipya, badilisha balbu

Nikiitwa kupamba sebule, mwenye nyumba huanza na rangi ya ukuta au kochi. Mimi naanza kwa kuwasha taa. Sebule nyingi zinazochosha macho hazijapungukiwa na vitu. Mwanga ni mbaya na vitu vimekaa pasipo mahali pake. Yote mawili hurekebishwa kwa hela kidogo.

Kwenye boksi la balbu tafuta namba yenye herufi K. Kati ya 2700K na 3000K mwanga una umanjano mpole, unafaa sebuleni na chumbani. 4000K ni mweupe wa kawaida, nauweka jikoni penye visu. 6500K unaelekea buluu, na usiku hufanya hata mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Ubaya zaidi ni kuzichanganya chumba kimoja: ukuta huu unaonekana njano, ule kijivu, halafu lawama anabebeshwa fundi rangi.

Mapazia ndiyo yanayobadilisha chumba kuliko watu wanavyodhani. Bomba likifungwa juu kidogo tu ya dirisha, jicho hukomea hapo na dari huonekana fupi. Lipandishe karibu na dari, na lizidi dirisha kama sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na kioo chote kibaki wazi. Pindo liguse sakafu. Pazia linaloishia juu juu ni kama suruali iliyoruka. Kama uliyo nayo ni mafupi usiyatupe. Mpelekee fundi cherehani aunge kipande cha rangi nzito chini, itaonekana ulikusudia. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya bomba, au walau mara moja na nusu, la sivyo hupati marinda. Ndiyo maana nashauri kitambaa cha bei nafuu kilicho kingi kuliko cha ghali kilichobana.

Picha hutundikwa juu mno. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha nafasi ya sentimita 15 hadi 20 tu kati ya kochi na fremu. Kata magazeti kwa vipimo vya fremu, yabandike kwa tepu, kaa uyatazame, ndipo ushike nyundo.

Zulia: miguu ya mbele ya kochi ilikanyage, basi. Kioo nacho kinasifiwa kwamba hukuza chumba. Kweli, ila hukuza kile kinachokitazama. Kikielekezwa kwenye rundo la maboksi, umepata marundo mawili.

Rangi naiacha mwisho makusudi, kwa sababu mwanga ukirekebishwa wengi hughairi. Ukiwa bado na hamu, anza na mlango, kopo dogo linatosha. Jaribu rangi kwenye kipande cha ubao, uitazame mchana, kisha usiku chini ya balbu mpya. Kama mlango una rangi ya mafuta ya zamani, pitisha msasa mpaka mng'ao wote upotee, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, uache ukauke. Ukiruka hatua hiyo, rangi mpya itabanduka kwa ukucha. Na kitasa kifungue kwa bisibisi. Kukizungushia brashi ndiko kunakoacha yale madoa yasiyofutika kwenye chuma.