Mgeni Huyu Angekuja Hata Bila Tukio? Namna ya Kupima Fedha za Umma Zinazovutia Matukio Makubwa

Serikali inapotangaza kwamba itatoa fedha ili kuvutia mashindano, tamasha au mkutano wa kimataifa, taarifa yake karibu kila mara hubeba makadirio mawili: wageni wangapi watafika, na kila mmoja atatumia kiasi gani. Ukizidisha, unapata jumla ya kupendeza, na jumla hiyo ndiyo hupelekwa mbele ya wabunge. Sisi tunaochambua matumizi ya aina hii kazi yetu ya kwanza ni kuipunguza.

Chukua hoteli moja yenye vyumba 100. Katika msimu wa wageni wengi, vyumba 90 huwa na watu hata pasipo tukio lolote. Wiki ya mashindano vyote 100 vinajaa. Waandaaji wataandika vyumba 100 kwenye ripoti, ilhali ongezeko la kweli ni vyumba 10. Sasa peleka tukio hilohilo kwenye msimu wa wageni wachache, wakati vyumba 30 tu ndivyo vyenye watu na baadhi ya wahudumu wameambiwa wabaki nyumbani mpaka hali itengemae. Vikijaa vyote, ongezeko ni vyumba 70. Tukio ni lilelile na ruzuku ni ileile, lakini manufaa yamekuwa mara saba. Ndiyo maana mimi huuliza tarehe ya tukio kabla ya kuuliza jina lake.

Profesa John Crompton wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambaye ameandika sana kuhusu upimaji huu, anasisitiza kwamba kuna watu wasiopaswa kuhesabiwa. Wa kwanza ni wenyeji wenyewe: fedha wanayolipia kiingilio wangeitumia kwenye mgahawa au sinema ileile ya mjini, kwa hiyo imehama mfuko tu. Kisha kuna aliyekuwa amepanga kuja mwezi mwingine akasogeza safari ili iangukie wiki ya tukio, na yule ambaye tayari yuko mjini kwa shughuli zake, akapita uwanjani kwa sababu upo karibu.

Upo pia upande ambao hauonekani kwenye picha za uwanja uliofurika, nao ni wageni wanaokimbia. Mtalii wa kawaida akisikia kwamba bei za vyumba zimepaa na barabara zitafungwa, anakwenda kwingine. Uingereza iliandaa Olimpiki ya 2012 jijini London, na bado Agosti ya mwaka huo ilipokea wageni wachache kutoka nje kuliko Agosti 2011. Kweli, waliokuja walitumia fedha nyingi zaidi, na hilo lina uzito wake. Lakini anayehesabu waliofika bila kuwatoa waliokimbia anahesabu nusu ya daftari.

Hata fedha ya mgeni mpya haibaki yote. Ikiwa hoteli ni ya kampuni ya nje, faida inarudi huko. Na serikali inaposema ruzuku itajirudisha kupitia kodi, mkataba wa uenyeji usomwe kwa makini, maana wenye haki za mashindano makubwa hudai misamaha ya kodi kwa ajili yao na washirika wao. Afrika Kusini iliitoa kwa Kombe la Dunia la 2010, Brazili kwa lile la 2014. Huwezi kusamehe kodi kwa mkono mmoja na kuahidi mapato ya kodi kwa mkono wa pili.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni wa jimbo la Texas, Marekani. Huko jimbo halimkabidhi mwandaaji fedha mapema. Kwanza linakadiriwa ongezeko la kodi litakalotokana na tukio, kisha unafunguliwa mfuko maalumu. Serikali ya mtaa ikichangia dola 1, jimbo linachangia dola 6.25. Gharama hurejeshwa baada ya tukio, kwa stakabadhi, na waliohudhuria wakiwa pungufu sana ya makadirio, malipo yanaweza kupunguzwa. Sheria inataka pia tukio liwe limeshindaniwa na maeneo ya nje ya Texas, na naliona sharti hilo kuwa la maana kuliko yote, kwa sababu tukio ambalo lingekuja hata bila ruzuku halihitaji ruzuku. Udhaifu wa mpango huo ni kwamba mambo mengi bado yanaegemea makadirio ya kabla ya tukio. Kwa nchi nzima kuna jambo la ziada: tukio likihamishwa kwa ruzuku kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine wa nchi hiyohiyo, mkoa mmoja umefaidika, taifa limebaki palepale.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huwa kwenye zege, yaani ujenzi. Montreal, Kanada, iliandaa Olimpiki ya 1976 na deni la uwanja wake likamalizika kulipwa 2006, miaka 30 baadaye. Manaus, ndani ya msitu wa Amazon nchini Brazili, ilijengewa uwanja wa watu zaidi ya 40,000 kwa mechi 4 za Kombe la Dunia la 2014, katika mji usiokuwa na timu ya ligi kuu. Kinyume chake, Barcelona, iliyoandaa Olimpiki ya 1992, ilitumia sehemu kubwa ya fedha kwa mambo ambayo mji uliyahitaji hata bila michezo: barabara, uwanja wa ndege, ufukwe uliofunguliwa pale palipokuwa pamezibwa na viwanda na reli. Wageni waliendelea kumiminika baada ya mwenge kuzimwa.

Kujitoa nako kuna bei. Jimbo la Victoria, Australia, lilitangaza Julai 2023 kwamba halitaandaa tena Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, baada ya gharama kupanda kutoka dola za Australia bilioni 2.6 hadi zaidi ya bilioni 6 kwa makadirio ya serikali yenyewe. Fidia pekee ilikuwa milioni 380. Kipengele cha kujitoa kijadiliwe kabla ya saini, wakati mwenyeji bado ana sauti.

Sauti hiyo hutokana na uwezo wa kukataa. Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, walikataa fedha za umma kwa Olimpiki ya majira ya baridi ya 1976 iliyokuwa imepewa Denver, nayo ikahamia Innsbruck, Austria. Baada ya yaliyoikuta Montreal, Los Angeles ilibaki mwombaji pekee wa Olimpiki ya 1984. Kwa kuwa hakukuwa na mshindani wa kutishiwa naye, masharti ya jiji yalikubaliwa, na wakazi wake wakapiga kura kuzuia fedha za jiji kumwagwa humo. Michezo ilifanyika kwa sehemu kubwa kwenye viwanja vilivyokuwepo, ukiwemo Coliseum wa Olimpiki ya 1932, ikaisha na ziada ya zaidi ya dola milioni 200. Uwanja huohuo umepangwa kutumika tena 2028.