Mtoto mchanga anasikia? Maswali ya wazazi wa Mbeya na Iringa

Nikipiga makofi anashtuka. Si anasikia huyo?

Si lazima. Mtoto huhisi upepo wa mikono yako, huona kivuli, hupata mtikisiko wa kitanda. Hata anayesikia kwa sikio moja tu atashtuka. Makofi haya yamewachelewesha wengi: mtoto anafika miaka miwili hasemi, na bibi anatuliza watu kwamba hata baba yake alichelewa.

Kipimo cha mashine kinauma?

Hakiumi. Kidude laini huwekwa kwenye tundu la sikio na kutoa sauti ndogo ndogo. Ndani kabisa, kwenye koklea, yaani sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, kuna chembe zenye vinyweleo. Zikiwa nzima, hujibu kwa mwangwi hafifu ambao maikrofoni ya kidude hicho huunasa. Mwanasayansi David Kemp aliugundua mwangwi huo London mwaka 1978. Ni kazi ya dakika chache mtoto akiwa amelala, kwa hiyo mnyonyeshe kwanza. Kwa baridi ya Uyole au Mafinga, usimvue nguo, kumvua kofia tu kunatosha.

Nimeambiwa arudie. Ni kiziwi?

Hapana, bado hakijajulikana kitu. Siku mbili za mwanzo sikio huweza kuwa na majimaji ya uzazi. Ila rudi kweli.

Alilazwa kwa manjano kali, kipimo cha mwangwi amefaulu. Yameisha?

Hayajaisha, na hapa ndipo wazazi wengi hupotea. Manjano kali huweza kuiacha koklea salama ila ikaharibu njia ya sauti kwenda kwenye ubongo. Mwangwi unatoka vizuri, sauti haifiki sawasawa. Omba kipimo cha vibandiko vya kichwani, kinachosoma umeme wa mshipa wa usikivu. Njiti aliyelazwa na aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa nao wanakihitaji. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo apimwe upya, hata kama alifaulu zamani.

Haraka ya nini?

Ubongo haungoji. Utaratibu wa kimataifa ni uchunguzi kabla ya mwezi 1, jibu kamili kabla ya miezi 3, na msaada kuanza kabla ya miezi 6, iwe kifaa cha usikivu au lugha ya alama.

Nianzie wapi?

Kliniki anakopimwa uzito. Omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Beba kadi ya kliniki pamoja na karatasi ya kuruhusiwa wodini, maana baadhi ya sindano za watoto wachanga, kama jentamaisini, huweza kuumiza sikio la ndani, na daktari atataka kujua alichomwa ipi, kwa siku ngapi.