Mstari ukiyumba, usikimbilie kuulaumu mkono

Dhana: Mstari ukitoka na mawimbi, mkono wako bado haujakomaa.
Inaniuma kuona mtu anayechora kwa kalamu ya kidijitali kwenye skrini akiacha kuchora kwa sababu hii. Fanya jaribio dogo. Zima ulainishaji wa mistari (programu inaponyoosha mstari wako yenyewe) kwenye programu ya kuchorea, laza rula ya plastiki juu ya skrini, kisha vuta mstari wa mshazari polepole sana. Hapo mkono umeegemea rula, hauna pa kuyumbia. Ukiona bado kuna viwimbi vinavyojirudia kwa umbali uleule, vimetoka kwenye kifaa. Chini ya kioo kuna gridi ya nyaya nyembamba. Ncha ya kalamu ikiwa katikati ya waya na waya, kifaa hukadiria ilipo, na makadirio hayo hukosea kidogo. Rudia mstari uleule kwa kasi: viwimbi vitapungua sana.

Dhana: Basi pandisha ulainishaji hadi mwisho.
Ulainishaji wa kawaida huchukua wastani wa nukta zilizotangulia, kwa hiyo wino hubaki nyuma ya ncha. Andika Z ndogo uone pembe zake zinavyoviringika. Mimi huupandisha kwa mistari mirefu, kama ya nywele, na kuushusha kabisa nikifika kwenye kope za macho.

Dhana: Kalamu yenye ngazi 8192 za mgandamizo ina usahihi zaidi kuliko yenye 4096.
Namba hizo zinahusu nguvu ya kukandamiza, yaani unene au ukolevu wa mstari. Mahali ncha ilipo hazihusiki napo.

Dhana: Wino ukitokea kando ya ncha, kusawazisha kalamu upya (kukionyesha kifaa ncha inapogusa hasa) kunatosha.
Kunatosha iwapo wino unakosea upande uleule, kwa kiasi kilekile, hata ukihamisha kichwa. Ukihamisha kichwa na kosa nalo likahama, unachokiona ni unene wa nafasi iliyopo kati ya kioo na picha iliyo chini yake. Isawazishe skrini ukiwa umekaa vilevile unavyokaa ukichora, maana ukisawazisha ikiwa mezani halafu ukachora umeipakata, kazi yote imepotea.

Dhana: Kalamu yenye ncha ya mpira itanoleka kwa mipangilio.
Haitanoleka. Skrini huiona kama kidole: hupokea doa pana na kukisia kitovu chake. Kama hiyo ndiyo uliyonayo, kuza mwonekano wa turubai, yaani eneo la kuchorea, kabla ya kuchora sehemu ndogo. Kosa la milimita moja kwenye kioo litakuwa dogo zaidi kwenye mchoro wenyewe.