Usiguse gari wiki ya mwisho: Tabora hadi Kigoma kwa Peugeot 404

Julai 2019 nililala kwenye siti ya nyuma ya Peugeot 404, kilomita chache kabla ya kufika Usinge, kwa sababu ya kidude kinachoenea kwenye kiganja cha mtoto. Kinaitwa kondensa, nacho ni cha umeme wa plagi. Kilikuwa kipya kabisa, nilikifunga mwenyewe usiku wa kuamkia safari. Cha zamani hakikuwa na kosa lolote. Nilikitoa kwa sababu kilikuwa kimepauka, nami nilitaka gari liondoke Tabora kila kitu kikiwa kinang'aa. Mwenye gari, mzee mstaafu wa reli anayetokea Ujiji, alikuwa siti ya mbele amejifunika shuka. Tulipokubaliana kwamba usiku ule hatuendi popote, aliniuliza kwa upole: "Fundi, kile cha zamani kiko wapi?"

Kilikuwa gereji, kwenye kopo la misumari.

Nimekuwa nikifufua magari ya zamani hapa Tabora kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nibadilishe nini kabla ya safari ndefu? Kabla ya usiku ule nilikuwa natoa orodha ndefu. Siku hizi nasema badilisha unachotaka, lakini miezi mitatu kabla, kisha uliendeshe gari. Wiki ya mwisho usifungue hata nati moja. Oili yenyewe imwage wiki mbili kabla, uone kama boliti ya chini inavuja.

Spea mbovu haikawii kujionyesha. Nyingi hufa katika saa za kwanza za kazi, ikishapata joto na mtikisiko. Na spea za magari haya tunazoziita mpya, ama zimekaa kwenye rafu miaka mingi mpaka mpira wake umekauka, ama zimeigizwa na mtu ambaye hajawahi kuiona 404. Ongeza na mkono wa fundi mwenyewe, anayefanya kazi saa nne usiku kwa mwanga wa simu huku mwenye gari anauliza kama watawahi kuondoka alfajiri. Kipuri kilichochakaa lakini kinachofanya kazi, angalau unakijua tabia.

Kwa hiyo kupanga safari ya gari la kale ni kupanga safari ndogo kwanza. Mimi naanza na Kwihara na kurudi, karibu hapo tu, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Wiki inayofuata naenda Sikonge. Ya tatu Nzega, ambayo kwenda na kurudi inapita kilomita 200. Kila nikisimama nafanya mambo yaleyale, sina haraka. Naweka kiganja kwenye kila ringi: moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki inang'ang'ania au beringi inalia. Usiku natandika kartoni chini ya injini, asubuhi nasoma matone yake. Nachomoa plagi moja naangalia rangi. Ikiwa kahawia ya chai ya maziwa, niko sawa. Ikiwa nyeupe, kabureta inabana petroli, na hiyo ndiyo inayotoboa pistoni kwenye safari ndefu. Nyeusi ya masizi haitakuua, itakumalizia hela tu. Yote naandika kwenye daftari la shule, pamoja na lita na kilomita. Gari la mzee lilikuwa linakwenda kilomita tisa kwa lita, na siku lilipoanza kwenda saba nilijua kuna kitu hata kabla ya kufungua boneti.

Kwa wasiozijua, 404 zilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960. Huku kwetu zilipata jina kwenye mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki: zilishinda 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968. Mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, dereva alikuwa Bert Shankland akiwa na Chris Rothwell, waliotokea hapa hapa Tanzania. Ndiyo maana wazee wakiiona "Pijo" barabarani wanasimama. Mara mbili nimepunguziwa bei ya mafuta kwa ajili ya gari hilo tu, na mara nyingi zaidi nimecheleweshwa nusu saa nikisikiliza habari za baba wa mtu aliyekuwa na kama lile.

Sasa joto, maana hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mvua zetu Tabora huanza Novemba hadi Aprili, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya jua kali. Juni na Julai usiku kuna baridi, vumbi lipo lakini injini inapumua. Chagua hiyo miezi, na uondoke saa kumi na moja na nusu alfajiri, uwe umemaliza sehemu kubwa kabla ya saa sita mchana.

404 ina feni ya ajabu kidogo. Haizunguki muda wote, bali inanaswa na sumaku ya umeme pale maji ya rejeta yanapopanda joto, kisha inaachiwa. Ni akili nzuri sana kwa mwaka 1960, lakini brashi ndogo inayopeleka umeme kwenye sumaku ikiisha, au swichi ya joto ikifa, feni inabaki inaelea na gari linachemsha huku mkanda uko mzima. Dereva asiyejua anaongeza maji mpaka jioni. Kwenye safari ya majaribio simamisha gari, liache kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa, umesimama mbele, ungoje usikie feni inavyonaswa. Isiponaswa njiani, zile skurubu tatu za kurekebishia nafasi ya sumaku zikaze kwa usawa mpaka feni ibanwe, utembee nayo ikizunguka moja kwa moja. Itakula nguvu kidogo, lakini utafika. Rejeta yenyewe isizibwe kwa yai wala unga wa bizari, nimeziona hizo dawa. Zinaziba pale panapovuja na pasipovuja pia. Peleka kwa fundi wa rejeta, izibuliwe na kuchomelewa mwezi mmoja kabla.

Joto hilohilo lina ugonjwa mwingine ambao watu huilaumu kabureta. Umesimama Kaliua dakika kumi kunywa chai, unarudi, gari linawaka, linakwenda mita mia mbili linakata. Petroli imegeuka mvuke ndani ya pampu na bomba lake, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Usifungue chochote. Loweka kitambaa, kizungushe kwenye pampu na bomba, fungua boneti, subiri. Mzee wangu alibeba kanga moja kwa kazi hiyo tu, na nadhani mama hajajua mpaka leo ilikokwenda.

Difu la nyuma, yaani gia zinazozungusha ekseli ya magurudumu ya nyuma, litaje kwa fundi wako kabla hajashika bomba la oili. La sedani ya 404 si la kawaida: ni la parafujo inayozungusha gurudumu la meno la shaba nyeusi. Mafuta ya difu ya magari mengine yana dawa ya salfa inayokula shaba nyeusi yakipata moto. Nimelifungua difu moja lililowekewa mafuta hayo kwa nia njema, meno yake yalikuwa membamba kama ya kisu. Ukiona fundi anacheka ukimwambia hivyo, chukua ufunguo wako uondoke.

Tairi nitasema kifupi. Usiangalie mistari, angalia tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho ndani ya duara la mviringo: 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012. Magari haya hukaa sana, hivyo tairi huzeeka likiwa na mistari yote, kisha linapasuka siku ya kwanza ya kazi ya kweli.

Njia yenyewe

Kutoka Tabora hadi Kigoma kupitia Urambo, Kaliua, Malagarasi na Uvinza ni zaidi ya kilomita 400. Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871 na kufika Tabora katikati ya Februari 1872, kwa hiyo ukichukua siku mbili usione aibu. Basi linafanya kwa siku moja. Wewe si basi.

Mimi nagawa njia hii kwa stesheni za reli, sihesabu kilomita. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na barabara haiachani nayo mbali: Urambo, Kaliua, Usinge, Malagarasi, Uvinza. Penye stesheni pana watu, chakula, pa kulala, na mara nyingi mzee mmoja aliyewahi kushika spana. Gari likianza kunung'unika kati ya stesheni mbili, swali ni moja tu: ipi iko karibu, ya mbele au ya nyuma? Usiende mbele kwa sababu tu ndiko unakoelekea.

Safari yetu ya 2019 lami ilikuwa vipande vipande. Kati ya Malagarasi na Uvinza barabara ilikuwa na mawimbi kama bati, na mawimbi ndiyo yanayolegeza nati, yanayotikisa kutu ya tangi mpaka ikaingia kwenye bomba. Kwa hiyo chujio la petroli liwe la plastiki inayoonyesha ndani, na uwe nayo mawili ya akiba. Kabla ya kuondoka ongea na utingo wa malori pale stendi. Anajua hali ya njia ya jana, na soda moja inatosha. Nati za magurudumu zikaze tena Urambo, hata kama ulizikaza Tabora. Tangi lijaze Kaliua hata kama liko nusu, maana petroli ya chupa za barabarani hujui imekaa na nini.

Vioo. Msituni kule kuna mbung'o, na gari la kale halina kiyoyozi. Ukifunga vioo unaiva, ukifungua unang'atwa. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na hupenda rangi ya bluu na nyeusi. Rafiki yangu ana Peugeot 504 ya bluu. Ukisafiri naye kwa msafara, wote wanamfuata yeye. Sijamwambia sababu.

Giza likiingia uwe umeegesha. Taa za wakati ule zinamulika vizuri kimo cha mbuzi mmoja aliyesimama karibu, basi. Na kama gari lako bado lina dainamo, chaja ya betri ya kizamani kabla ya alteneta, kumbuka haichaji likiwa sailensa, kwa hiyo taa, wipa na foleni ya ng'ombe kwa pamoja vitakula betri.

Mwisho wa njia unashuka kuelekea ziwani. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika kama 770. Breki za madramu zikipata moto zinakuwa laini chini ya mguu, unakanyaga na gari halisikii. Ingiza gia ya tatu mapema, uiache injini ishike gari. Ukisikia harufu kama pasi imeachwa juu ya nguo, simama pembeni dakika ishirini, utazame mandhari.

Boksi la nyuma

Karatasi zako, kizimamoto na pembetatu mbili trafiki atakuuliza, hilo unalijua. Boksi langu lina platini, rota, koili, plagi mbili, mkanda wa feni, hosi ya juu na ya chini, daiafragma ya pampu ya petroli, mita tatu za waya, na kipande cha sabuni ya mche. Sabuni ni ya tangi. Tangi likitobolewa na jiwe, sugua sabuni kwenye tundu ikiwa kavu, usitie maji. Inashika mpaka Kigoma, na huko utanunua ya mawese ya kurudia. Maji lita ishirini, na hayo si ya kunywa. Vingi vya hivyo ni vilivyotumika, nilivitoa kwenye gari vikiwa vizima nilipofunga vipya.

Kwa nini vya zamani? Nirudi Usinge. Kazi ya kondensa ni kumeza umeme unaoruka pale platini, vile vyuma viwili vinavyounga na kukata umeme wa koili, zinapoachana. Ikifa, cheche inachomea kwenye platini badala ya kwenda kwenye plagi, injini inakohoa na kuzima. Yetu ilikuwa inafanya kazi ikiwa ya baridi, ikipata moto inakufa, kwa hiyo mpaka tulipokata tamaa lilikuwa linawaka, linatudanganya mita mia tano, linazima.

Asubuhi alipita kijana na baiskeli. Mzee akamsalimu, akamweleza, kijana akasema nyuma ya nyumba ya babu yake kuna mzoga wa Land Rover. Nilikwenda naye kwa miguu. Babu alikuwa ameketi kivulini. Nikampa shikamoo, akaitikia, akataka kwanza kujua natoka kwa nani Tabora. Tukamaliza hayo. Kisha akaniruhusu nifungue distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi na kubeba kondensa, iliyojaa mchanga na viota vya nyigu.

Kondensa ya Land Rover haiingii kwenye nafasi ya Peugeot. Haina haja ya kuingia. Inameza umeme kiasi kinachokaribiana, na inachotaka ni waya wake uguse upande wa koili unaokwenda kwenye platini, na mwili wake uguse chuma cha gari. Niliifunga kwa waya nje ya distributa, nikasugua platini kwa msasa, mzee akapiga starti. Saa tisa alasiri tulikuwa Uvinza tunakula wali.

Bado iko palepale, kwenye waya uleule. Mzee kila mwaka kabla ya kwenda Ujiji huleta gari wiki moja kabla na kuniambia nilitazame. Nafungua boneti, naitazama, nafunga boneti.