Kwa Nini Zapata Bado Amelala Cuautla

Ukisimama mbele ya sanamu ya kiongozi yeyote, uliza kwanza: mwenyewe amezikwa hapa? Kazi yangu ni historia ya sanamu na makaburi ya viongozi, na sijui mahali ambapo swali hilo lina uzito kama Cuautla, mji wa jimbo la Morelos, kusini mwa Jiji la Meksiko. Mjini hapo pana uwanja wa umma uitwao Plaza Revolución del Sur. Humo imo sanamu ya Emiliano Zapata, kiongozi wa wakulima katika Mapinduzi ya Meksiko yaliyoanza mwaka 1910, na chini yake ndimo ilimo mifupa yake.

Zapata alizaliwa tarehe 8 Agosti 1879 katika kijiji cha Anenecuilco, jirani na Cuautla. Wakati huo mashamba makubwa ya miwa yalikuwa yakimega ardhi ya vijiji vya Morelos mwaka hadi mwaka. Mwaka 1909 wanakijiji wenzake walimchagua kuongoza baraza lao, wakamkabidhi hati za kale za ardhi yao azitunze. Vita vyake vyote vilitoka katika hati hizo. Tamko lake la Novemba 1911, Plan de Ayala, lilidai vijiji virudishiwe mashamba, misitu na maji vilivyoporwa.

Aliuawa kwa hila tarehe 10 Aprili 1919, katika shamba la Chinameca. Kanali Jesús Guajardo, aliyekuwa upande wa Rais Venustiano Carranza, ambaye Zapata alikuwa akimpiga vita, alijifanya amemwasi mkubwa wake, Jenerali Pablo González, na kwamba anataka kujiunga na jeshi la Zapata. Akamzawadia farasi aitwaye As de Oros, naye Zapata akaingia Chinameca akiwa amempanda farasi huyohuyo. Askari walikuwa wamepangwa langoni kama gwaride la heshima. Tarumbeta ilipolia, wakammiminia risasi.

Maiti ilipelekwa Cuautla juu ya nyumbu, ikapigwa picha na kuwekwa hadharani ili kila mtu aone kwamba mambo yamekwisha. Watu wakaja kutazama, na wengi wakaondoka wakisema: huyu siye. Walitaja alama za mwilini ambazo hawakuziona. Wengine walisema aliyekufa alifanana naye tu, na kwamba Zapata mwenyewe alikuwa amekwenda Arabuni na rafiki yake Mwarabu. Masimulizi hayo ya Arabuni yalidumu vijijini miongo mingi. Wapo wanaoyapuuza kama porojo. Mimi nayachukua kama ushahidi: tangu siku ya kwanza watu wa Morelos walikataa kuiachia serikali neno la mwisho juu ya mwili huo.

Mwaka 1920 Carranza naye aliangushwa na kuuawa. Wafuasi wa Zapata waliobaki walikuwa wameungana na Jenerali Álvaro Obregón, aliyeongoza uasi huo, na watawala wapya walihitaji Morelos itulie. Ndipo serikali ilipoanza kumpenda marehemu. Plutarco Elías Calles, alipogombea urais mwaka 1924, alifika kaburini kwake siku ya kumbukumbu na kutangaza kwamba sera ya ardhi ya Zapata ni yake pia. Mwaka 1932 mabaki yalitolewa makaburini, yakawekwa chini ya sanamu mpya ya Zapata akiwa juu ya farasi, kazi ya mchongaji Oliverio Martínez.

Sanamu hiyo ya 1932 inanisumbua hadi leo, na nieleze sababu. Kwa desturi, shujaa aliye juu ya farasi hushika upanga au hatamu, macho yake mbali, na sisi tuko chini. Martínez aliushusha mkono wa Zapata ukatua begani mwa mkulima aliyesimama kando ya farasi. Ni wazo zuri, lenye upendo ndani yake. Lakini tazama tena: mkulima yuko chini, anainua uso, anapokea. Hivyo ndivyo serikali ilivyotaka ugawaji wa ardhi uonekane, kama zawadi itokayo juu. Wanavijiji waliompa Zapata hati zao mwaka 1909 hawakuwa wakipokea chochote. Wao ndio waliomtuma.

Martínez huyo ndiye aliyechonga pia sanamu za juu ya Monumento a la Revolución katika Jiji la Meksiko. Jengo hilo lilianzishwa na Porfirio Díaz, dikteta aliyeangushwa na mapinduzi, kama bunge, likaachwa bila kumalizwa, kisha katika miaka ya 1930 msanifu Carlos Obregón Santacilia akaligeuza kuwa mnara wa mapinduzi. Baadaye nguzo zake zikawa makaburi ya marais na majenerali wa mapinduzi: Carranza, Madero, Calles, Cárdenas, na mwaka 1976 Pancho Villa. Villa na Carranza walipigana vita vikali. Sasa wako chini ya kuba moja.

Ilipofika 1979, miaka 100 tangu Zapata azaliwe, serikali ilitaka kumhamishia huko naye. Wakulima wakapinga, na kuna wa ukoo wake waliosimama nao. Hoja yao haikuhitaji mwanasheria: hatalazwa pamoja na Carranza. Serikali ikarudi nyuma. Kwangu mimi, kukataa huko ndiko kulikoifanya sanamu ya Cuautla kuwa mali ya wenyeji kweli, kuliko sherehe yoyote ya uzinduzi.

Ugomvi huu haujaisha. Mwaka 1992 katiba ilibadilishwa, ugawaji wa ardhi ukasimamishwa, na njia ikafunguliwa kwa mashamba ya pamoja ya vijiji kubinafsishwa. Mwaka 2019, miaka 100 tangu auawe, serikali iliutangaza kuwa mwaka wa Zapata. Wakati huohuo wakulima wa eneo hilo walikuwa wakipinga kiwanda cha umeme cha Huexca, ambacho kingetumia maji ya mto Cuautla. Samir Flores, mmoja wa waliokipinga, alikuwa ameuawa mwezi Februari. Siku ya 10 Aprili Rais López Obrador alifanya sherehe yake Cuernavaca, mji mkuu wa jimbo, na wapinzani wa kiwanda wakafanya kumbukumbu yao wenyewe kule Chinameca.